Jinsi ya kufufua kinanda kidogo cha zamani, kuanzia betri hadi spika

Ukikaribia ngoma ya mchiriku uswahilini Dar es Salaam, kinachokufikia kwanza ni kinanda. Mlio wake mkali, wenye mkwaruzo, unapita kwenye amplifaya iliyopandishwa hadi mwisho, unatokea kwenye spika za honi, na mtaa wa pili wanajua kuna shughuli. Ukisogea umwone mpigaji, utakuta mbele yake kidude cha plastiki chenye vitufe vyembamba, mara nyingi Casio ya miaka ya 1980. Muziki huo, ambao wengine huuita mnanda, ulishika mitaa ya Dar mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kundi kama Jagwa Music limeufikisha hadi kwenye majukwaa ya Ulaya likiwa na vinanda vya aina hiyo hiyo.

Vinanda hivi vinatupwa kila siku. Mtu anakirithi kwa kaka yake, au anakikuta kwenye mitumba ya vyombo, anawasha, kimya, basi kinakuwa mchezo wa watoto na baadaye taka. Inaniuma, maana vingi nilivyoletewa vikiitwa vibovu vilikuwa na shida ya umeme au uchafu tu. Nitakueleza ninavyofanya mimi, kwa mpangilio ninaoufuata kila mara: kwanza umeme, halafu nje, halafu ndani. Bisibisi isubiri.

Kwanza, kijue ulichonacho

Kampuni ya Casio ilikuwa ya vikokotoo kabla ya kuingia kwenye muziki. Kinanda chake cha kwanza, Casiotone 201, kilitoka mwaka 1980 kikiwa na vitufe 49 na sauti 29 zilizomo ndani yake. Mwaka uliofuata ikatoka MT-40, ndogo zaidi, yenye vitufe 37 pamoja na vingine 15 vidogo vya besi upande wa kushoto, sauti 22 na midundo 6. Midundo ile ilitengenezwa na dada mmoja aliyekuwa ameajiriwa karibuni, Hiroko Okuda. Mmoja wao, ule ulioandikwa "rock", ulifika Jamaika, na mwaka 1985 mwimbaji Wayne Smith na mtayarishaji King Jammy wakautumia kurekodi wimbo uliogeuza reggae nzima kuelekea muziki wa kompyuta. Kwa hiyo ukikutana na MT-40 kwenye meza ya mitumba, usiidharau kwa sababu ni ndogo.

Yamaha nao walikuwa na PortaSound kuanzia mwaka 1980, kisha mfululizo wa PSS wenye vitufe vidogo na PSR wenye vitufe vya ukubwa wa kawaida. Kwaya nyingi za makanisani zilianzia kwenye PSR. Kuna pia Casio SK-1 ya katikati ya miaka ya 1980, ambayo ina maikrofoni yake ndogo: unasema neno au unapiga mluzi, inarekodi kwa sekunde moja na kidogo, kisha unaipiga sauti yako mwenyewe kwenye vitufe. Ukiipata nzima, umebahatika.

Geuza kinanda, soma kibandiko cha chini, uandike namba ya modeli, volti, na alama yoyote iliyochorwa karibu na tundu la adapta. Utaihitaji sasa hivi.

Umeme: hapa ndipo vinanda vingi vinapouawa

Anza na betri hata kama una adapta. Betri haikosei volti, na ukifuata alama za kuongezea na kutoa zilizochorwa kwenye sanduku lake, haigeuzi pande.

Hesabu nafasi za betri. Kila betri ya kawaida, iwe kubwa ya tochi au ndogo ya rimoti, ina volti 1.5. Kinanda chenye nafasi 5 kimeundwa kwa volti 7.5, chenye nafasi 6 kwa volti 9. Hesabu hiyo inakusaidia hata kibandiko kikiwa kimefutika. Tumia betri mpya, zote za aina moja. Betri za kuchaji zina volti 1.2 kila moja. Tano zinakupa 6 tu, na kinanda chenye njaa ya umeme hufanya vituko: mdundo unaruka, noti inang'ang'ania baada ya kuinua kidole, sauti inashuka ukipiga vitufe vingi pamoja. Watu wameshauza vinanda vizima kwa sababu ya betri zilizochoka.

Sasa adapta. Soma sehemu hii mara mbili.

Adapta za Casio za miaka ile zina hasi katikati ya pini na chanya pembeni. Za Yamaha ni kinyume: chanya katikati, hasi pembeni. Pini zenyewe zinaweza kufanana kabisa na kuingia bila kugoma. Modeli nyingi za zamani za Casio zinataka volti 7.5, nyingine 9. Yamaha PSR nyingi zinatumia adapta ya volti 12. Ukichukua adapta ya Yamaha ukaichomeka kwenye Casio, umeongeza volti na umegeuza pande kwa mkupuo mmoja.

Nilishafanya hivyo miaka ya nyuma, na adapta zile zenye swichi ya kuchagua volti 3 hadi 12. Volti niliipatia. Ncha ya pini ilikuwa imegeuzwa, sikuiangalia. Kinanda hakikulia wala kutoa cheche. Kilitoa harufu tu, ile ya plastiki iliyoungua kidogo pamoja na kitu kichungu kinachokaa kooni. Nilipochomoa, chipu ya kukuza sauti ilikuwa imetoboka katikati tundu dogo kama limechomwa na sindano ya moto. Kilikuwa kinanda cha rafiki yangu. Tangu siku hiyo sichomeki adapta bila kuipima.

Kuipima ni kazi ya dakika moja. Weka mita ya kupimia umeme kwenye volti za DC, kiwango cha 20. Waya mwekundu uingie kwenye tundu la katikati la pini, mweusi uguse chuma cha nje. Namba ikitokea bila alama ya kutoa, katikati ni chanya. Ikitokea na alama ya kutoa, katikati ni hasi. Linganisha na mchoro ulio nyuma ya kinanda: duara dogo lenye nukta katikati, na mstari unaoonyesha nukta ni ipi na duara la nje ni lipi. Adapta za zamani, zile nzito zenye transfoma ndani, husoma juu kidogo zikiwa hazijabeba mzigo, hivyo ya volti 9 kusoma 12 au 13 mezani si ajabu. Ampea zikizidi zinazohitajika hakuna neno, kinanda kinachukua kinachokitosha.

Jambo moja zaidi kwa wanaonunua vitu vya Japani. Adapta iliyokuja na kinanda kutoka Japani imetengenezwa kwa umeme wa volti 100, na ya Marekani kwa 120. Ukutani kwetu kuna 230. Ukiichomeka moja kwa moja itaungua. Ing'oe pini yake uitunze, kisha tafuta adapta ya hapa yenye volti na pande zilezile.

Sanduku la betri

Fungua mfuniko, unuse na uangalie. Ukiona ungaunga mweupe au kijani kwenye visahani na springi, betri zilivuja. Ndiyo sababu ya kawaida kuliko zote ya kinanda kutowaka, na haina gharama.

Ungaunga mweupe wa betri za alkali huvunjwa na siki au maji ya ndimu. Chovya kijiti cha pamba, kamua kisidondoke, sugua. Utaona kinatoa povu dogo. Kisha pitisha pamba yenye maji kidogo, halafu yenye spiriti, uache kikauke kabisa. Chuma kikibaki cheusi, kipitishie msasa laini mpaka king'ae. Usimwage kitu chochote ndani ya sanduku. Waya zinaanzia nyuma tu ya visahani vile, na siki ikipenya itaendelea kula shaba wewe ukiwa umelala. Springi iliyoliwa ikakatika, fundi redio yeyote ana nyingine.

Weka betri, washa. Kikilia, ruka moja kwa moja kwenye vitufe. Taa ikiwaka bila sauti, soma kinachofuata.

Taa inawaka, hakuna sauti

Kuna mzee mmoja, fundi wa redio, ambaye nilimpelekea kinanda cha namna hii nikiwa mgeni wa mambo haya.

"Shikamoo mzee. Hiki spika imekufa."

"Marahaba. Umeshachomeka hedifoni?"

Sikuwa nimechomeka. Akachukua za kwake, akachomeka, akabonyeza, akanivalisha. Sauti ilikuwepo, safi. Halafu akaichomeka na kuichomoa kama mara kumi, haraka haraka, na spika ikaamka.

Ndani ya tundu la hedifoni kuna ulimi mdogo wa chuma. Ukichomeka, ulimi unasukumwa na spika inakatwa. Ukichomoa, unatakiwa kurudi. Ukishika kutu unabaki pale ulipo na spika haipati kitu. Kwa hewa ya pwani yenye chumvi, ugonjwa huu ni wa kawaida mno. Kuchomeka na kuchomoa kunaondoa kutu. Tone la spiriti kwenye pini kabla ya kuichomeka linasaidia zaidi.

Hedifoni nazo zikiwa kimya, zungusha volyumu toka mwanzo hadi mwisho mara ishirini au thelathini. Inayokwaruza au kukata upande mmoja ina vumbi kwenye njia yake ya kaboni. Dawa ya kupuliza ya kusafishia swichi inauzwa kwenye maduka ya vipuri vya elektroniki. Tone moja kwenye upenyo wa volyumu linatosha, kisha zungusha tena. Fanya hivyo pia kwa swichi za kuteleza za kuchagua sauti na mdundo. Swichi chafu ndiyo inayokupa zumari ukiwa umechagua kinanda cha kanisa.

Kufungua

Toa betri, chomoa adapta. Tandika taulo, laza kinanda kifudifudi. Chukua kipande cha boksi, chora umbo la kinanda, na kila skrubu unayoitoa ichomeke kwenye mchoro mahali ilipotoka. Skrubu hazilingani urefu. Ndefu ikiingia kwenye nafasi ya fupi itatokeza upande wa pili, na plastiki yenye umri wa miaka arobaini haina uvumilivu.

Inua mfuniko polepole kama unafungua kitabu, maana waya za spika na za betri mara nyingi zimeunganisha pande mbili. Piga picha kwa simu kabla ya kugusa chochote, na nyingine kila unapotoa kitu.

Utakutana na wakazi. Mende wanapenda vinanda: ndani ni pakavu, peusi, na kikiwashwa pana joto. Kinyesi chao kinashika unyevu na kula njia za shaba. Toa kila kitu kwa brashi laini ya rangi iliyo kavu, kisha futa kwa spiriti.

Vitufe visivyolia

Kabla ya kutoa vitufe, vipige vyote kimoja kimoja kwa sauti ya oga (ile iliyoandikwa "organ"), ambayo haififii, na uandike visivyolia. Orodha hiyo ndiyo itakayokuambia ugonjwa.

Kikiwa kitufe kimoja hapa na kimoja kule, bila mpangilio, ni uchafu. Vikiwa vinafuatana kwa hesabu, mathalani kila baada ya vitufe vinane kimoja hakilii, au kundi zima la jirani liko kimya, usihangaike kusafisha. Kinanda hakina waya mmoja kwa kila kitufe. Vitufe vimepangwa kwa safu na mistari kama viti vya ukumbini, na chipu inapita safu moja baada ya nyingine kuuliza nani amebonyezwa. Njia moja ikikatika, wote walio kwenye safu ile wananyamaza.

Nilikuwa na kinanda ambacho vitufe sita vilikuwa kimya kwa mpangilio kama huo. Nikasafisha mara mbili bila mafanikio. Mwishowe nikaiinua bodi mbele ya dirisha, nikaigeuza polepole ili mwanga uitelezee, na karibu na tundu la skrubu nikaona mstari mwembamba kuliko unywele ukikatiza njia moja ya shaba. Kinanda kilishaanguka, na bodi ilipasuka pale ilipobanwa. Fundi alikwangua rangi ya kijani pande zote mbili, akalaza uzi mmoja wa waya wa shaba juu ya ufa, akaushika kwa risasi. Vitufe vyote sita vikarudi kwa pamoja.

Kwa uchafu wa kawaida, utaratibu ni huu. Chini ya vitufe kwenye vinanda vingi kuna mkanda wa mpira wenye vidoti vyeusi, sawasawa na ulio ndani ya rimoti ya televisheni. Kidoti kikibonyezwa kinagusa bodi na kuunganisha njia mbili. Ng'oa mkanda taratibu, ukikumbuka ulivyokaa. Futa bodi kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kilichochovywa kwenye spiriti. Mkanda wenyewe uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, suuza, anika kivulini mpaka ukauke kabisa. Vidoti vyeusi usivisugue kwa msasa wala kucha, kwa sababu ule weusi ndio unaopitisha umeme, na ukiisha umeisha. Petroli na thina viwe mbali: vinavimbisha mpira na kuyeyusha plastiki ya vitufe.

Wakati wa kurudisha, vile vichuchu vidogo vya mpira vinavyoingia kwenye matundu ya bodi visukume kwa ncha butu, usivivute kwa nguvu, maana vikikatika mkanda utakuwa unahama. Jaribu vitufe vyote kabla ya kufunga skrubu hata moja.

Ya kumwachia fundi

Kinanda kikivuma mfululizo kikiwa kwenye betri, au sauti ikiwa hafifu na nyembamba hata baada ya usafi, tazama kapasita, vile vipipa vidogo vyenye mstari pembeni. Vikivimba juu au kuvuja chini, vibadilishwe kwa vyenye mikrofaradi zilezile na volti zilezile au zaidi, mstari wa hasi ukae ulipokuwa. Ni kazi ndogo kwa fundi redio. Kinachouma ni chipu kuu yenye sauti zote: ilitengenezwa kwa kinanda hicho tu, haiuzwi dukani, na ikifa njia iliyobaki ni kuitoa kwenye kinanda kingine cha modeli ileile. Ndiyo maana maiti ya kinanda usiitupe.

Spika yenyewe ni rahisi kuijua. Gusisha betri moja ya rimoti kwenye ncha zake mbili mara moja tu. Ikitoa "tak" na karatasi ikaruka, ni nzima. Karatasi iliyochanika inazibwa kwa tishu na gundi nyeupe iliyotiwa maji kidogo, tabaka moja tu. Ukizidisha, inakuwa nzito na besi inapotea.

Kukiunganisha na amplifaya

Angalia nyuma kama kuna tundu lililoandikwa "line out". Kama halipo, tumia la hedifoni, ila kumbuka linatoa nguvu zaidi: volyumu ya kinanda ianze chini kabisa, amplifaya ifunguliwe kidogo, halafu panda polepole. Mvumo ukizidi, chomoa adapta na uweke betri. Mara nyingi unakatika hapo hapo, na ndiyo sababu nikirekodi situmii adapta kamwe.

Ukitaka ule mkwaruzo wa mchiriku, usiutafute kwenye spika. Pandisha volyumu ya kinanda mpaka amplifaya ianze kulemewa mlangoni, kisha punguza sauti ya kutokea. Mkwaruzo unabaki, spika inapona. Chagua sauti nyembamba za zumari au oga, zile zinazoonekana za kitoto ukizisikia peke yake. Ndizo zinazopenya katikati ya ngoma. Sauti nzito za piano zinamezwa.

Usiwashe amplifaya kabla ya kinanda. Ule mshindo wa kuwasha ukipita kwenye honi unaweza kukata koili yake.

Kukitunza

Kama hutakipiga wiki mbili, toa betri. Kifunike kwa khanga au shuka kuukuu, si nailoni, maana nailoni inafungia jasho ndani. Kiweke mbali na jua la dirishani linaloifanya plastiki kuwa ya njano na kukatika, na usikilaze sakafuni ambako mende na unyevu vina njia fupi. Kiwashe walau mara moja kwa mwezi, piga vitufe vyote, sogeza kila swichi.

Na kabla ya kwenda kukipiga na wenzako, tafuta kirekebisho kidogo cha sauti, mara nyingi kiko nyuma na kinazungushwa kwa kidole au bisibisi ndogo. Kinanda cha zamani hakikubaliani na gitaa moja kwa moja. Mwache mwenye gitaa apige uzi mmoja, wewe shika kitufe cha noti ileile kwa sauti ya oga, zungusha mpaka ule mtetemo wa sauti mbili zinazogombana upungue, upungue, usimame.